Mbwa wa sleji akifika Nairobi, mpeni kazi yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mbwa wa theluji, wale wa manyoya mazito na macho ya samawati, si wageni tena katika mitaa ya Nairobi. Wengi hununuliwa kwa sababu ya picha, kisha wakafungiwa bandani mchana kutwa na kuachiliwa usiku ili walinde boma. Hawalindi. Mbwa huyo, husky wa Siberia, hutoa mlio mrefu kama wa mbweha badala ya kubweka, na mgeni akiruka ukuta huenda akampokea kwa kumtikisia mkia. Wachukchi wa kaskazini mashariki mwa Siberia walimzalisha kwa kazi moja: kukokota mzigo mwepesi, mwendo mrefu, bila kulegea, akila chakula kidogo. Akinyimwa kazi hiyo huchimba chini ya ua, hutafuna milango, huwamaliza kuku wa jirani, na mwenyewe akadhani ameuziwa mnyama mtundu asiyefunzika.

Ndiyo maana tunaandika juu ya sleji, chombo cha theluji kinachokokotwa na mbwa, kutoka mji usioona theluji. Anayetaka kumfuga mbwa huyu hapa kwetu hana budi kujua kazi yake inavyofanywa kwao, kwa kuwa karibu kila kifaa na kila kanuni ya kule inaweza kuhamishiwa kwenye magurudumu na barabara ya murram. Kisichohamishika ni baridi, na hapo ndipo mbwa wanapofia.

Sleji ni mkokoteni usio na magurudumu. Chini ina mbao mbili ndefu za kuteleza, siku hizi zikiwa zimevishwa plastiki inayobadilishwa ikichakaa. Mwendeshaji husimama juu ya ncha zake za nyuma na kushika mpini. Mbele yake kuna kitanda cha mzigo. Sleji za jadi hazipigwi misumari kwenye viungo, bali hufungwa kwa kamba au ngozi, kama mtepe wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi, na sababu ni ileile: chombo kigumu hupasuka kikigongwa, kilichoshonwa hupinda kikarudi. Breki ni mbili. Moja ni kipande kizito cha mpira kinachoburutwa kati ya zile mbao, mwendeshaji akikikanyaga mwendo unapungua. Wasukuma mkokoteni wa soko la Marikiti hawahitaji kuelezwa hilo. Kipande cha tairi wanachokiburuta nyuma ya mkokoteni kwenye mteremko kinafanya kazi hiyohiyo. Breki ya pili ni meno ya chuma yanayozama kwenye theluji. Kisha kuna nanga, kulabu nzito ya meno mawili inayokanyagwa ikazama, ili sleji isiondoke wakati mwendeshaji anahudumia mbwa.

Nanga hiyo ni ya lazima, kwa sababu mbwa wa sleji hana lijamu mdomoni wala hatamu ya kumrudisha nyuma kama punda. Mwendeshaji ana sauti, breki na uzito wa mwili wake, basi. Akianguka na kuachia mpini, mbwa wanaendelea na safari bila yeye, na sleji isiyo na mtu ikishika mteremko inaweza kuwagonga mbwa wa nyuma. Mwanafunzi hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba mpini hauachiliwi, hata ukiburutwa kifudifudi.

Mbwa hupangwa wawili wawili kwenye kamba kuu. Kila mmoja huunganishwa kwa kamba mbili: moja kutoka mwisho wa mikanda yake ya kukokotea, karibu na mkia, na hiyo ndiyo inayobeba nguvu, nyingine fupi kutoka shingoni, ambayo haikokoti kitu, inamzuia tu asitanuke pembeni. Mbwa akionekana anavuta kwa shingo, kuna kosa katika ufungaji. Wa mbele kabisa ni viongozi, na hawachaguliwi kwa nguvu. Huchaguliwa kwa kusikia, kwa kuthubutu kuingia njia wasiyoijua, na kwa kuweka kamba ikiwa imenyooka kundi linaposimama, maana kamba ikilegea mbwa hujichanganya miguu na ugomvi huanza. Walio nyuma yao husaidia kupinda kona. Walio karibu na sleji ndio wenye miili mikubwa na mioyo mitulivu, kwa kuwa kila sleji inaporuka au kuyumba, wao ndio wanaovutwa kwanza. Kule Greenland mpango ni tofauti: kila mbwa ana kamba yake na wote hutawanyika kama kipepeo cha ukili. Huko hakuna miti ya kunasa kamba, na barafu ya bahari ikipasuka, mbwa mmoja akazama, wenzake wote hawamfuati.

Mwaka 1925 dondakoo ilipoingia Nome, mji wa pwani ya Alaska, bahari ilikuwa imeganda. Dawa ilipelekwa kwa sleji kutoka Nenana, kilomita zipatazo 1,085, waendeshaji 20 wakipokezana, na safari ikaisha kabla ya siku 6 kutimia. Mbwa Balto ndiye anayekumbukwa kwa sababu aliingia Nome akiongoza kundi la mwendeshaji Gunnar Kaasen. Lakini kipande kirefu kuliko vyote, tena cha hatari, kilikimbiwa na kundi la Leonhard Seppala likiongozwa na Togo, mbwa mzee wa miaka 12. Kwa maoni yetu sifa kubwa ilikuwa yake. Mashindano ya sleji ya Iditarod, hukohuko Alaska, ambayo huanzia Anchorage na kufika Nome baada ya kilomita 1,600 hivi, yalifanyika mara ya kwanza 1973, na mshindi alitumia karibu siku 20. Mwaka 2017, mbio zikianzia Fairbanks, mshindi Mitch Seavey alimaliza kwa siku 8 na saa 3 na dakika kadhaa. Njia imekuwa bora, ndiyo, lakini kilichobadilika zaidi ni hesabu ya kupumzika na kulisha. Mbwa hukimbia saa kadhaa, hulala saa kadhaa, na sheria inadai pumziko moja la saa 24 na mengine mawili ya saa 8. Katika mbio hizo mbwa mmoja huweza kutumia kilokalori 10,000 kwa siku, mara nne au zaidi ya anazohitaji mtu mzima, na sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta: nyama nono, samaki, vipande vilivyogandishwa ambavyo hupewa njiani. Maji hutiwa supu, kwa sababu mbwa aliyechoka hukataa maji matupu na kuishiwa maji mwilini hata katikati ya barafu.

Mbwa wamekufa katika mashindano hayo, na asemaye vinginevyo hasemi kweli. Ndiyo sababu mbwa hupimwa moyo na damu kabla ya kuanza, na madaktari wa mifugo huwakagua kwenye vituo: mabega, vifundo, miguu, uzito, kupumua. Mbwa mwenye dosari huachwa kituoni na kundi huendelea bila yeye. Mwendeshaji mzuri hutambulika kwa jinsi anavyomwacha mbwa mapema, kabla daktari hajamwambia.

Sasa turudi Nairobi. Theluji ya Mlima Kenya haitusaidii. Barafu yake ni kidogo na inazidi kupungua, na mbuga ya taifa hairuhusu mbwa. Kinachowezekana hapa ni kukokota kwenye nchi kavu. Makundi ya sleji ya Alaska na Ulaya hujifua hivyohivyo kabla theluji haijaanguka, yakivuta vigari vya magurudumu. Wajamaika walianzisha kundi lao kisiwani kwa kigari cha aina hiyo, na mwaka 2010 Newton Marshall, Mjamaika, akamaliza Iditarod.

Tuanze na joto. Mbwa hatoi jasho mwilini. Anapoza damu kwa kuhema, na hewa yenye joto na unyevu hupunguza nguvu ya kuhema huko. Husky aliye kazini hujisikia vizuri baridi ikiwa nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Kwenye sifuri yenyewe ameanza kuona joto. Wanaoendesha kwenye nchi kavu wengi huacha kabisa hewa ikivuka nyuzi 15, na hewa ikiwa na unyevu mwingi huacha mapema zaidi. Kwa hesabu hiyo Nairobi inatupa dirisha dogo: kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi jua linapochomoza, na zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Limuru na Kinangop zina nafasi kubwa kuliko Syokimau. Januari na Februari mfundisheni mbwa kusikia amri akitembea, msimkimbize. Jioni inadanganya: hewa imepoa, lakini ardhi na lami bado zinarudisha joto la mchana. Wekeni kiganja cha mkono chini kwa sekunde 7. Kama mkono haustahimili, nyayo za mbwa nazo hazitastahimili. Na manyoya yasinyolewe kwa kudhani mnampunguzia joto. Yana tabaka mbili, na lile la juu ndilo linalomkinga na jua. Kinachosaidia ni kuchana manyoya ya ndani yanayopukutika.

Umri wa kuanza kukokota ni miezi 12 kwa mzigo mwepesi, na kwa mbwa mzito kama malamute, mbwa mkubwa wa sleji wa Alaska, tungesubiri miezi 18. Kabla ya hapo ncha za mifupa bado zinakua, na kuvuta mzigo mapema huharibu viungo kwa maisha yake yote. Mbwa aliyenona naye apunguzwe uzito kwanza. Husky dume ana kilo 20 hadi 27, jike 16 hadi 23; mbavu zake zinapaswa kuhisika kwa vidole bila kubonyeza.

Mikanda ya kukokotea si ile ya kutembezea mbwa inayouzwa madukani, ambayo hukata mbele ya mabega na kuufupisha mwendo. Ya kukokotea hupita shingoni, hushuka kifuani kati ya miguu, hukutana mgongoni kama herufi X na kuishia kwenye kitanzi karibu na mkia. Shingoni iwe ya kubana kiasi kwamba vidole viwili tu vinapita. Ikilegea hapo, hurudi nyuma na kukaba koo. Ikiwa ndefu mno, mzigo huangukia nyonga. Fundi hodari wa mabegi anaweza kuishona kwa utepe wa nailoni akipewa vipimo vitatu, shingo, kifua na urefu wa mgongo, lakini sehemu zinazogusa kwapa lazima ziwekwe kitambaa laini, vinginevyo kidonda kitatokea baada ya kilomita chache. Kamba iwe na kipande cha mpira unaonyumbuka katikati ili kumeza mshtuko, na jumla ya mita 2 hadi 2.5.

Wiki mbili za kwanza mbwa asifungwe kwenye baiskeli. Avae mikanda akavute tairi kuukuu la baiskeli, dakika 5, kisha 10. Lengo ni azoee sauti ya kitu kinachomfuata na kubanwa kifuani. Mbwa aliyeogopeshwa na kelele za nyuma siku ya kwanza huchukua miezi kusahau. Baadaye mtu akimbie naye akiwa amefunga mkanda mpana nyongani, kamba ikitokea hapo. Usifungwe kiunoni, maana mgongo utauma. Hapo ndipo amri hufundishwa, tena kwa miguu, kwa sababu makosa yanarekebishika.

Kuhusu amri tuna ushauri ambao wengi hawajaufikiria. Waendeshaji wa Alaska husema "gee" kwa kulia na "haw" kwa kushoto, sauti mbili zisizofanana hata kidogo. Sisi tukisema "kulia" na "kushoto", yote mawili yanaanza na "ku", na mbwa anayekimbia kwenye upepo husikia mwanzo wa neno kabla ya mwisho wake. Semeni "lia" na "shoto". Kusimama iwe sauti ndefu ya chini, "simaaama", na kuondoka iwe fupi na kali, "twende!" Amri ya kupita ni muhimu kuliko zote Nairobi: mbuzi barabarani, mbwa koko kwenye jalala, kuku. Husky ana silika ya kuwinda, na asiyejua "pita" atamwangusha mtu mtaroni. Mkishachagua maneno, nyumba nzima iyatumie, watoto na mlinzi wa geti pia.

Ndipo baiskeli au skuta ya magurudumu makubwa. Iwe na breki za diski, kwa kuwa breki za mpira kwenye ringi hushindwa kwenye matope. Kamba isifungwe kwenye usukani kamwe. Mbwa akikata kona ghafla, gurudumu la mbele linageuka na mtu anaruka juu yake. Hufungwa chini ya usukani, ikipitishwa kwenye mkono mfupi wa chuma unaochomoza mbele ili isianguke kwenye gurudumu. Helmeti, glavu, na taa kwa kuwa ni alfajiri. Anzeni na mbwa mmoja. Wawili wana nguvu zaidi ya mtu mmoja kwenye baiskeli, na wa tatu ni kazi ya kigari cha magurudumu manne. Mwanzo mita 500, pumziko, mita 500, nyumbani. Ongezeni kidogo kila wiki, msiongeze umbali na kasi kwa pamoja, na siku tatu au nne kwa wiki zinatosha. Mwendeshaji apige pedali kila penye mwinuko. Mbwa akiachiwa mlima peke yake hukata tamaa na kujifunza kusimama. Njia iwe ya udongo au murram iliyoshikana, mbali na magari na bodaboda. Lami hula nyayo, na kokoto mpya ni mbaya zaidi. Kwenye msitu wenye watembeao, kama Karura, mbwa abaki kwenye kamba akitembea. Huko si mahali pa kumfunga baiskeli.

Maji apewe saa mbili hivi kabla ya mbio, nusu lita yenye supu kidogo isiyo na chumvi wala vitunguu. Mlo kamili usipewe katika saa 4 za kabla ya kukimbia, na baadaye subirini saa moja, kwa hofu ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloua kwa muda mfupi.

Dalili za hatari hutokea kwenye kamba kabla ya kutokea kwa mbwa: kamba ambayo siku zote imenyooka inalegea. Kisha ulimi unapanuka kama kijiko, mbwa anatafuta kivuli, miguu ya nyuma inayumba. Simameni papo hapo. Mmwagieni maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na kwapani, mkimpepea. Msimfunike taulo lililolowa, kwa maana hufungia joto ndani. Jotomwili la mbwa aliyetulia ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likivuka 41 na mbwa anayumba, anza kumpoza hapohapo ndipo umkimbize kwa daktari. Ukisubiri kumpoza huko kliniki, umechelewa.

Chakula nacho kina mtego wake hapa kwetu. Husky na malamute wengine huzaliwa na miili isiyofyonza madini ya zinki vizuri, na mahindi yana faiteti, kitu kinachoishika zinki tumboni isiingie mwilini. Mbwa wa namna hii akilishwa ugali kila siku huota magamba kuzunguka macho na mdomo, nyayo zikapasuka. Watu humpaka dawa ya ukoko miezi mitatu bila nafuu. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo akaamue kuhusu zinki, msimpe vidonge kwa kukisia, kwa kuwa zinki ikizidi ni sumu. Kupe wakaguliwe kila baada ya kutoka kwenye nyasi, masikioni na kati ya vidole, kwani homa ya kupe humpunguzia mbwa damu, na mbwa mwenye upungufu wa damu akikimbizwa huanguka. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Nchi hii imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030.

Anayefikiria kununua amuulize muuzaji kama wazazi wa mbwa wamepimwa macho, kwa sababu mtoto wa jicho hurithiwa katika jamii hii, na aombe kuwaona wazazi hao wakiwa hai. Apime ua wake: mita 1.8 kwenda juu, na waya au mawe yaliyozikwa chini. Apime pia asubuhi zake. Asiyeweza kuamka saa 11 mara tatu kwa wiki, miaka 12 mfululizo, achague mbwa mwingine. Na ambaye tayari anaye na amemshinda, asimwachilie barabarani Kiambu usiku. Ampigie daktari wake au chama cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, aeleze umri wa mbwa, chanjo zake, na kama amewahi kuvaa mikanda ya kukokotea.

Ni sisi wafugaji na wakufunzi wa mbwa,
Nairobi